Shajara ya mradi: kuitoa data ya hali ya hewa mlingotini hadi mezani kwa mtafiti

Hali ya kuanzia

Mlingoti wa mita 3 umesimama mbugani, mita 900 kutoka ofisi za kituo cha utafiti, uwanda wa Laikipia, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi na longitudo ya digrii 37 mashariki. Unabeba kipimaupepo cha RM Young 05103, kihisi cha joto na unyevu HMP60 ndani ya kivuli chake cha sahani nyeupe, na kihisi cha mnururisho wa jua LI-200. Ndani ya sanduku kuna loga, kifaa kinachosoma vihisi na kuhifadhi vipimo, ya Campbell Scientific CR1000 na kihisi cha kanieneo ya hewa. Kipimamvua cha vikombe viwili vinavyopinduka kina nguzo yake, hatua chache kando. Umeme unatoka kwenye betri ya volti 12, Ah 7, inayochajiwa na paneli ya sola ya wati 10.

Kazi ya mradi ni hii: mtafiti akitaka mvua, joto au upepo wa mwezi wowote, aipate data bila kubeba laptopu hadi mlingotini, na namba atakazopata aweze kuzitetea. Hilo la kuzitetea ndilo lililokula muda. Waya, redio na seva havikufika hata wiki moja.

Kuhusu saa: humu kila saa iliyoandikwa kwa tarakimu ni ya mfumo wa saa 24, na kando yake kuna EAT kwa saa za Afrika Mashariki au UTC. Saa ya Kiswahili imeandikwa kwa maneno. Sababu itaonekana wiki ya pili.

Wiki ya 1, Jumatatu

Laptopu za siku hizi hazina poti ya seria (RS-232) ya pini 9, kwa hiyo tunatumia kigeuzi cha USB chenye chipu ya FTDI. Poti ya RS-232 ya CR1000 inataka waya wa moja kwa moja: pini 2 kwa pini 2, pini 3 kwa pini 3. Waya uliokutwa kwenye droo ulikuwa ule wa kuvuka, ambapo 2 inaenda 3. Unaingia vizuri, taa ya kigeuzi inawaka, loga inanyamaza kabisa. Pima mwendelezo kwa multimita kabla ya kutoka ofisini.

Kwenye Linux kigeuzi kinaonekana kama /dev/ttyUSB0. Ukinyimwa ruhusa, mtumiaji hayumo kwenye kundi la dialout:

sudo usermod -a -G dialout $USER

Toka, ingia upya, kisha jaribu. Kwa kuzungumza na loga tunatumia maktaba ya Python, pycampbellcr1000, ambayo ni huria na inaelewa PakBus, itifaki ya mawasiliano ya loga za Campbell:

from pycampbellcr1000 import CR1000
loga = CR1000.from_url('serial:/dev/ttyUSB0:115200')
print(loga.gettime())
print(loga.list_tables())

Ombi la kwanza likikwama, rudia. Poti ya loga husinzia isipotumika, na herufi za mwanzo mara nyingi huishia katika kuiamsha.

Sheria ya siku ya kwanza: usitume programu yoyote kwa loga, usibonyeze kitufe chochote kinachotaja kufuta au kuweka upya, mpaka uwe umevuta kila jedwali. Kutuma programu mpya kunaweza kufuta majedwali yaliyopo, na hakuna pipa la taka la kuyaokotea. Tulivuta jedwali la dakika 10, jedwali la siku, na majedwali ya hali ya loga yenyewe, Status na DataTableInfo, tukaweka nakala tatu, moja nje ya kituo.

DataTableInfo inaonyesha kwenye DataFillDays kwamba jedwali la dakika 10 linabeba zaidi kidogo ya mwaka mmoja. Loga huandika kwa mduara: nafasi ikiisha, rekodi mpya inaingia juu ya rekodi kongwe kuliko zote. Kwa hiyo kila mwanya wa ziara uliozidi mwaka umeacha shimo ambalo halizibiki tena.

Kwenye Status tulisoma hivi: Low12VCount (mara ambazo volti 12 ilishuka mno) 3, WatchdogErrors (mara ambazo loga ilikwama ikajiwasha upya) 0, LithiumBattery volti 2.1. Hiyo ya mwisho ni habari mbaya. Betri ndogo ya lithiamu iliyo ndani ya loga, ambayo ikiwa mpya huwa na volti 3.6, ndiyo inayoshikilia saa na kumbukumbu umeme mkubwa unapokatika. Ikifa, kukatika kwa volti 12 kwa sekunde chache tu kunafuta data yote ambayo haijavutwa, na saa inaanza upya tarehe 1 Januari 1990.

Jibu la haraka lingekuwa kuibadilisha siku hiyohiyo. Hatukufanya hivyo. Kuitoa kunafuta data na saa pia, na tulijua kwamba programu nayo itabadilishwa. Ni afadhali mwanya mmoja mfupi kuliko miwili. Mpaka hapo data inavutwa kila siku kwa mkono, na hakuna ruhusa ya kugusa nyaya za betri kubwa.

Wiki ya 1, Jumatano: saa ya loga

Saa halisi, kutoka seva ya muda ya mtandao, ilikuwa 11:21:00 EAT. Loga ilisema 08:14:20. Tofauti ni saa 3, dakika 6 na sekunde 40. Saa 3 kamili ni kwa sababu loga inahesabu UTC. Dakika 6 na sekunde 40 ni saa kuchelewa kidogo kidogo. Kwa CR1000 mtengenezaji anaruhusu hadi dakika 3 kwa mwaka, kwa hiyo hapa pana miaka miwili au zaidi bila mtu kuirekebisha.

Lakini je, ilikuwa UTC siku zote? Mafaili ya zamani hayasemi, na maelezo yaliyobandikwa kwenye mlango wa sanduku yanasema ni saa za hapa nyumbani. Jua halidanganyi, basi tukaliuliza. Saa zetu zimefungwa kwenye longitudo ya 45, sisi tuko 37. Digrii 8 zinazobaki, kila moja dakika 4, ni dakika 32, kwa hiyo jua la utosi, yaani linapofika juu kabisa, hapa ni 12:32 EAT kwa wastani. Mwendo wa dunia kulizunguka jua huisogeza: katikati ya Februari linachelewa dakika 14 zaidi, yaani 12:46, mwanzoni mwa Novemba linawahi dakika 16, yaani 12:16. Kama loga iko kwenye UTC, namba hizo zinakuwa 09:46 na 09:16.

Usitafute kilele cha mnururisho moja kwa moja. Wingu likipita saa sita mchana kilele kinahama, na kihisi kilichoinama digrii chache kuelekea mashariki kinakuonyesha utosi mapema kuliko ulivyo. Chukua siku isiyo na mawingu asubuhi wala jioni, tafuta rekodi ya kwanza na ya mwisho zinazozidi wati 5 kwa mita ya mraba, kisha chukua katikati yake. Karibu na ikweta mawio na machweo yanalingana vizuri, na kwa data ya dakika 10 njia hii inatoa jibu lenye kosa la dakika kumi hivi. Haitoshi kupima kuchelewa kwa dakika sita, lakini kwa kuitambua tofauti ya saa tatu inatosha na kubaki.

Matokeo: miezi ya mwanzo ya mafaili ya zamani ina utosi kwenye 12:30 na ushei, halafu kuanzia siku moja unaruka hadi 09:30 na ushei. Kuna mtu aliihamisha saa kutoka EAT kwenda UTC bila kuandika popote. Sasa tarehe inajulikana, na mafaili yaliyotangulia yanatolewa saa tatu.

Ushahidi wa pili, kwa vipindi ambavyo kihisi cha jua kilikuwa kimekufa, ni kanieneo. Kwenye tropiki kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kama maji kujaa na kupwa, vilele vikiwa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Wastani wa siku kumi unatosha kuviona. Hapohapo tulikagua na kiwango chenyewe: kwa mita 1,700 tunatarajia hPa 825 hivi, na ndivyo ilivyo. Ukikuta 1013 kwenye kimo kama hiki, ujue programu inaipeleka kanieneo usawa wa bahari, na uandike hivyo kwenye maelezo ya faili.

Wiki ya 2: daftari la mvua

Kituo kina kipimamvua cha mkono kinachosomwa kila asubuhi, na daftari lake linaenda nyuma kuliko loga. Tulitaka kulinganisha. Mara ya kwanza namba hazikupatana hata kidogo: siku ya mvua kubwa kwa daftari, loga sifuri, kesho yake kinyume.

Makosa yalikuwa matatu, na mawili yalifichana.

La kwanza ni tarehe. Mvua inayosomwa asubuhi ya Jumanne imeandikwa Jumanne, ingawa karibu yote ilinyesha Jumatatu alasiri. Vituo vingine huirudisha siku ya nyuma wakati wa kuandika. Daftari letu halirudishi. Njia ya kujua ni kutafuta mvua moja kubwa iliyotanguliwa na kufuatwa na siku kavu, kisha kuangalia loga.

La pili ni saa, na hili lingeweza kututokea sisi tu tunaosema Kiswahili. Safu ya saa kwenye daftari inasema 3:00 kila siku, yaani saa tatu asubuhi, ambayo ni 09:00 EAT na 06:00 UTC, muda wa kawaida wa kusoma mvua Kenya na Tanzania. Aliyeliingiza daftari kwenye kompyuta aliandika 03:00. Sasa tazama: 03:00 EAT ni sawasawa na 00:00 UTC, na loga, ikiwa kwenye UTC, inafunga siku yake saa hiyohiyo. Kwa mtu anayelinganisha bila kuuliza, siku za daftari na siku za loga zilionekana kuanza pamoja. Kosa lilijificha kwa sababu mvua ya huku hunyesha zaidi alasiri na mapema usiku. Ni mvua ya alfajiri tu, kati ya 03:00 na 09:00 EAT, iliyoangukia siku isiyo yake.

Muhuri wa muda kwenye loga nao una desturi yake: ni mwisho wa kipindi. Rekodi ya 06:00 UTC ni mvua ya 05:50 hadi 06:00. Siku ya mvua kwa hiyo inaanza na rekodi ya 06:10 na kuisha na ya 06:00 ya kesho yake. Kwa pandas, maktaba ya Python ya kuchakata majedwali:

siku = df['Mvua_mm'].resample('24h', offset='6h', closed='right', label='left').sum(min_count=144)

Usiache min_count. Bila hiyo, siku ambayo kipimamvua kilikuwa kimekatika na rekodi zote ni NAN (hakuna namba) inajumlishwa kuwa 0.0, na faili linasema ukame pale ambapo ukweli ni waya uliotafunwa na panya. Rekodi 144 ni siku kamili. Siku pungufu inabaki tupu na mtafiti anaamua mwenyewe.

Baada ya kurekebisha hayo mawili, nukta zilikaa kwenye mstari mmoja. Ila namba za pande mbili hazikuwa sawa. Daftari 31.5, loga 12.1. Daftari 24.0, loga 9.6. Daftari 8.2, loga 3.3. Loga ilikuwa ikipima mvua pungufu mara mbili na nusu hivi, kwa miaka.

Wiki ya 2, Alhamisi: kopo la maji

Shuku ya kwanza ya kila mtu ni faneli kuziba. Ilisafishwa, kulikuwa na udongo wa nyigu na kinyesi cha ndege, na chujio lilikuwa safi vya kutosha. Faneli iliyoziba huchelewesha mvua na kuitandaza kwenye saa nyingi. Haiigawi kwa uwiano uleule kila siku.

Jaribio la kawaida: kopo lenye mililita 473 za maji, tundu dogo chini yake, linawekwa juu ya faneli na kudondosha polepole kwa muda usiopungua dakika 45. Tunatarajia mipinduko 100, zaidi au pungufu 3. Maji yakishuka haraka, kikombe kinaendelea kupokea wakati kinapinduka na hesabu inapungua, kwa hiyo tundu likiwa kubwa rudia na kopo jingine. Tulipata 99. Kifaa ni kizima. Skrubu za chini ya vikombe hazikuguswa na zisiguswe.

Hapo ndipo rula ilipofanya kazi kuliko kompyuta. Kipimamvua cha TE525 kina mdomo wa kipenyo cha milimita 154, na kila mpinduko ni mm 0.254 za mvua. Ndugu yake TE525MM ana mdomo wa milimita 245, na kila mpinduko ni mm 0.1. Piga hesabu ya eneo la mdomo mara kina: cha kwanza mililita 4.73 kwa mpinduko, cha pili 4.71. Vikombe ni sawa. Faneli tu ndiyo tofauti. Ndiyo maana jaribio la kopo linafaulu kwa vyote viwili na haliwezi kukuambia kipi ni kipi. Mdomo wa kwetu ni milimita 154. Programu ya loga ilikuwa na kizidisho 0.1, yaani mm 0.1 kwa kila mpinduko.

Kwa bahati kosa hili linarekebishika bila kubahatisha. Kila thamani ya zamani ni zao la 0.1, kwa hiyo ukigawa kwa 0.1 unapata idadi ya mipinduko, namba nzima, kisha unazidisha kwa 0.254. Lilifanyika kwenye nakala. Faili ghafi halijaguswa.

Wanaotumia data yetu ya mvua kutoka miaka hiyo wameandikiwa. Wengine walishakamilisha kazi zao nayo.

Wiki ya 3: siku ya mwanya mmoja

Mpangilio wa kazi, kwa mfuatano huu na si mwingine: vuta data yote, hakiki kwamba faili linafunguka na rekodi ya mwisho ni ya dakika kumi zilizopita, hifadhi programu iliyokuwa inaendesha, hata kama ina makosa, zima, fungua loga kutoka kwenye paneli yake ya nyaya na ubadilishe betri ya lithiamu, rudisha umeme, weka saa kwa UTC, tuma programu mpya, subiri rekodi mbili za dakika 10 kabla ya kufunga sanduku. Mwanya ulikuwa dakika 40.

Programu mpya imebadilisha mambo mawili tu. Mvua:

PulseCount(Mvua,1,1,2,0,0.254,0)

na swichi ya umeme wa redio, kupitia tundu la SW12 la loga yenyewe:

If TimeIntoInterval(0,60,Min) Then SW12(1)
If TimeIntoInterval(12,60,Min) Then SW12(0)
If BattV < 11.8 Then SW12(0)

Redio na kigeuzi cha seria kwenda Ethaneti vinakula wati 4 pamoja. Vikiwaka mchana na usiku ni Wh (wati-saa) 96 kwa siku, na paneli ya wati 10 kwa saa tano za jua kali, ukitoa hasara, inaleta kama 35. Betri ingekufa kabla ya Jumapili. Kwa dakika 12 kila saa matumizi ni Wh 19, na loga na vihisi vyake havifiki Wh 3. Nusu ya betri ni Wh 42, yaani siku mbili za mawingu mazito bila wasiwasi. Mstari wa tatu unaizima redio kabla loga haijakosa umeme. CR1000 yenyewe huvumilia hadi volti 9.6, lakini betri ya asidi iliyofikishwa huko mara kadhaa haifai tena.

Saa inalinganishwa kila Jumatatu. Ikirekebishwa, irekebishwe katikati ya alama mbili za dakika 10, ili mruko usivuke alama yoyote. Kurudisha saa nyuma kupita alama huzalisha rekodi mbili zenye muda mmoja.

Wiki ya 4: redio na kuvuta data

Redio mbili za GHz 5.8, moja mlingotini na moja kwenye paa la ofisi. Kuonana kwa macho hakutoshi. Kwa mita 900 mawimbi yanahitaji nafasi yenye nusu kipenyo cha mita 3.4 katikati ya njia, na angalau asilimia 60 yake iwe wazi, yaani mita 2. Mgunga mmoja ulikuwa ukigusa nafasi hiyo. Asubuhi mawasiliano yalikuwa mazuri, mvua ikinyesha na majani yakilowa yanakatika. Redio ya ofisini ilipandishwa mita mbili, mti ukaachwa.

Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ofisini inavuta data kila saa:

4 * * * * flock -n /tmp/loga.lock python3 /opt/hewa/vuta.py

Dakika ya 4 kwa sababu redio huchukua dakika moja na nusu kuamka, na tunataka muda wa kurudia kabla ya dakika ya 12. Amri ya flock inazuia kazi mbili zisigongane. Kigeuzi cha seria kinakubali muunganisho mmoja tu: mtu akiacha programu ya Campbell imefunguka kwenye kompyuta yake, Pi inafungiwa nje mpaka aifunge. Hii ndiyo sababu ya nusu ya makosa ya wiki hii, na dawa yake ni kwamba watu hawaunganishwi na loga kabisa. Wanasoma mafaili.

Kila safari vuta.py inaomba kuanzia saa 24 kabla ya rekodi ya mwisho, kisha inaondoa zilizorudiwa. Usitegemee safu ya RECORD peke yake kutambua marudio, maana huanza tena na sifuri programu inapotumwa. Funguo yetu ni jina la jedwali, muhuri wa muda na saini ya programu (namba inayobadilika programu ikibadilika), inayoonekana kwenye mstari wa kwanza wa faili la TOA5, muundo wa mafaili ya maandishi ya Campbell. Saini ikibadilika bila maelezo, kuna mtu amegusa programu, na barua pepe inatumwa.

Poti ya loga isionekane kwenye intaneti. Loga isipowekewa nambari ya usalama, yeyote anayeifikia anaweza kuipelekea programu yake na kufuta yako. Redio ziko kwenye mtandao wa ndani, wenye kazi ya mbali hupitia VPN.

Wiki ya 5: mafaili ya watafiti

Kuna folda tatu. Ghafi haiandikwi na mtu. Iliyokaguliwa ina alama kwa kila thamani: S sawa, K ina shaka, R imerekebishwa, P pengo. Ya siku ina jumla na wastani, siku ya mvua ikianza 06:00 UTC. Kila folda ina SOMA-KWANZA.txt chenye vipimo, majira, vizidisho na tarehe za kila badiliko.

Kwa wanaosoma faili ghafi: TOA5 ina mistari minne ya kichwa. Jina la safu liko wa pili, vipimo wa tatu, aina ya muhtasari wa nne.

df = pd.read_csv('Dakika10.dat', skiprows=[0,2,3], na_values=['NAN'], parse_dates=['TIMESTAMP'], index_col='TIMESTAMP')

Ukiona 7999 au -7999 si joto la ajabu; ndicho kikomo cha namba za baiti mbili za loga, chukulia pengo. Usilifungue faili ghafi kwa Excel ukalihifadhi. Mafaili kadhaa ya zamani yalipitia huko, siku na mwezi vikabadilishana nafasi kwa tarehe 1 hadi 12 za kila mwezi, kuanzia 13 yakarudi sawa. Yametambuliwa kwa sababu muda unaruka mbele na nyuma huku RECORD ikipanda kwa moja moja.

Ukaguzi wa otomatiki ni mfupi kwa makusudi. Upepo ukiwa 0.00 saa 24 kwenye uwanda huu, bila shaka waya au beringi imekufa. Unyevu usiobadilika saa 6 ni kihisi. Volti ya chini kabisa kabla ya mapambazuko ikishuka chini ya 12.0 siku tatu mfululizo, betri inabadilishwa. Mnururisho hatukuuwekea dari ya 1,200: karibu na ikweta mwanga unaoakisiwa na kingo za mawingu unaweza kuupitisha 1,300 kwa dakika chache, na dari ingeitupa data halali. Mwelekeo wa upepo hauna wastani wa kawaida, maana digrii 350 na 10 zinakupa 180, kusini, wakati upepo ni wa kaskazini. Tumia amri ya WindVector ya loga, au geuza kila mwelekeo kuwa sini na kosini kabla ya kupiga wastani.

Lililobaki kwenye mafaili ya zamani lilikuwa kipande cha wiki tatu chenye tarehe za Januari 1990. Ni kipindi kilichofuata kukatika kwa umeme, lithiamu ikiwa tayari imekufa, hadi mtu alipoiweka saa. RECORD haikukatika hapo: rekodi ya mwisho ya 1990 na ya kwanza yenye tarehe halisi zinafuatana, kwa hiyo tofauti kati yake, kasoro dakika 10, ndiyo ya kuongeza kwenye kipande chote. Utosi wa jua ulikubali, na mvua mbili za daftari zikaangukia mahali pake. Kimewekewa alama R.

Kazi zilizo wazi: kubadilisha kichujio cha HMP60, kulisawazisha tena bamba la LI-200 kwa kiputo chake, na kupima kaskazini ya 05103 kwa dira, watu wawili, mmoja akishika mkia wa kipimaupepo, mwingine akisoma digrii kwenye loga.